Tanga Kubwa, Upepo Mkali



Kila mwaka ifikapo Juni, kusi hushika pwani yetu. Kuanzia Bagamoyo hadi fukwe za upande wa Mkange na Saadani, ngalawa huenda mbio, na mara nyingine hupinduka. Ikipinduka, tunasikia kauli ile ile: chombo cha kuzama hakina usukani. Kauli hiyo leo naipinga.

Hesabu ya upepo ni hii. Kasi yake ikiongezeka mara mbili, nguvu inayosukuma tanga huongezeka mara nne. Kasi ikiwa mara tatu, nguvu huwa mara tisa. Kwa hiyo tanga lililokutoa salama alfajiri kwa umande laweza kukushinda alasiri, ingawa wewe hujabadilisha kitu.

Huko Paje, Unguja, upo mchezo wa kuteleza majini juu ya ubao huku mtu akivutwa na tiara kubwa. Mchezaji mwangalifu huwa na tiara za ukubwa mbalimbali; upepo ukizidi, huchukua ndogo. Anayeng'ang'ania kubwa hunyanyuliwa hewani na kubwagwa ufukweni au mwambani, hata awe na misuli kama ya baunsa.

Mabaharia wetu wanalijua jambo hili tangu zamani. Upepo ukiwa mkali hutweka tanga dogo. Kamba ya demani hushikwa mkononi, au hufungwa fundo la kufunguka upesi, ili upepo ukipiga ghafla ilegezwe na tanga limwage upepo. Anayeikaza moja kwa moja ili apumzishe mkono amejifungia mlango wa kutokea.

Mbona basi watu wanajua na bado wanazama? Ni haraka. Mchuuzi anangoja samaki, barafu inayeyuka. Abiria naye anamkaripia nahodha. Tukumbuke kuwa Julai 18, 2012, meli ya Skagit, yenye injini, ilizama karibu na Chumbe katika upepo mkali ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar. Sembuse ngalawa?

Uamuzi ufanywe nchi kavu. Tusikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, tutazame bahari, kisha tuchukue tanga dogo au tubaki. Nasi wa mjini, nahodha akisema leo hakusafiriki, tumshukuru. Kitoweo kilichokosekana leo kitapatikana kesho, aliyezama harudi.