Magunzi na Maganda: Neema Isitupwe

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad.

Ndugu Waislamu, wake kwa waume. Kambi ya Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, si mbali na Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Ilikusudiwa watu 10,000 na ushei. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao wametoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kila nyumba yahitaji moto wa kupikia, na kila moto wataka kuni. Mama hutembea mbali kuzitafuta, na mti ukatwao bila idhini katika ardhi ya jirani huzaa ugomvi.

Lakini kila baada ya mavuno, nyanda za Dowa na Lilongwe hujaa magunzi ya mahindi na maganda ya karanga. Hivyo vitupwavyo vyaweza kuwa makaa. Magunzi yaliyokauka hutiwa katika pipa la chuma na kuwashwa. Moshi ukipungua, pipa hufunikwa na kuzibwa kwa udongo hewa isiingie, likaachwa mpaka lipoe. Weusi uliobaki hutwangwa, ukachanganywa na uji mzito wa muhogo, ukashindiliwa kuwa vitofali, kisha ukaanikwa juani hata ukauke ndani na nje.

Wako waulizao: je, taka hizo haziwezi kuwa mishumaa? Mshumaa hutaka kitu chenye mafuta. Ule wa dukani, aghalabu, hutokana na mafuta ya petroli; mwingine hutokana na nta ya nyuki, au mafuta ya soya yaliyogandishwa kiwandani. Gunzi halina mafuta hayo. Basi na lipewe kazi liiwezayo: kuivisha chungu.

Hata hivyo, kazi hii ina adabu zake. Kwanza, magunzi ni mali ya mkulima. Yaombwe au yanunuliwe, yasichukuliwe kwa kificho. Pili, mabua yasiondolewe yote shambani, kwani hufunika udongo na kuurutubisha. Tatu, makaa yasiwashwe katika chumba kilichofungwa: hutoa hewa ya sumu isiyo rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini.

Mwaka 2017 Serikali ya Malawi ilitoa mkakati wa makaa wa miaka 10, nao wahimiza nishati badala ya makaa ya miti. Lakini mkakati haupiki. Yafaa jumuiya inunue pipa moja na kinu kimoja, vitumiwe kwa zamu, na wajane watangulizwe.

Dini yetu imekataza israfu, hata ya maji ya udhu ukingoni mwa mto. Itakuwaje basi kuteketeza bure kiwezacho kupika chakula cha yatima, na huku mti wa mwisho wakatwa? Akiba haiozi.

Wabillahi taufiki.