Bokali za tomati: tuliwapa dakika kidogo



Tunaanza na kosa letu, kwa sababu wengi wenu muko na bokali mu nyumba na munangojea kuziuzisha. Ku mafunzo ya kwanza tuliwaambia bokali ya nusu litre ya tomati ichemke dakika 35. Ile hesabu tuliitosha mu karatasi ya batu banaoishi kando ya bahari. Lubumbashi iko juu, karibu metre 1.200, na huku maji inachemka ku digri 96 hivi, haifike 100. Munaona mvuke na povu sawasawa, lakini moto yake ni kidogo. Huku inaomba dakika 45.

Basi bokali za siku ile musizikule, musiziuzishe, hata kama kifuniko kimebana vizuri. Muzilete siku ya posho, tutazihesabu moja-moja na kuwarudishia tomati na makala. Mama moja alituuliza: "Sasa nitupe chakula, na batoto bana njaa?" Hatukuwa na jibu nzuri. Tulimwambia tu kama sumu ya botulisimi inaweza kuwa mu bokali bila harufu, bila rangi. Inaanzaka ku macho: mutu anaona bintu mbili-mbili, kope zinaanguka, kumeza kunakuwa nguvu, kisha pumzi inakatika. Mutu wa namna ile apelekwe hospitali mbio, asingoje asubuhi.

Na njo sababu tunakataa maharagi, nyama, samaki na lengalenga mu bokali. Munatuuliza kila mara! Tomati iko na uchachu, na tukiongeza siki, ile mududu haizaliwe mule. Maharagi haina uchachu, na mbegu ya ile mududu haikufe mu maji ya kuchemka, hata muchemshe kutwa. Inaomba mashini ya presha inayofika karibu digri 120, na ile haiko bei yetu. Maharagi muache kavu mu mufuko. Matembele muanike ku jua, vile wengi wenu mulifanyaka kule Meheba na Kala.

Sasa kazi yenyewe. Tomati muzitumbukize mu maji ya moto dakika moja, mutoshe ngozi, muzikate na muzichemshe dakika 5. Mu kila bokali ya nusu litre mutie vijiko 2 vikubwa vya siki ya 5 kwa mia (musome ku chupa). Ndimu ya ku muti hapana, moja ni kali, ingine ni maji. Mafuta na vitunguu mutaongeza siku ya kupika. Muache nafasi ya kidole kimoja juu, mufute mdomo, mufunge. Chini ya sufuria mutandike kitambaa, bokali zisipasuke. Maji ifunike vifuniko na vidole viwili. Dakika 45 zinahesabiwa pale maji inaanza kutokota, hapana pale sufuria inapanda ku mbabula. Makala ikizimika katikati, munaanza hesabu upya. Kesho yake mufinye kifuniko: kikifanya "tak", ile bokali ikuliwe leo.

Kuhusu feza: bokali za mayonezi munaweza kurudilia, lakini kifuniko kipya. Kifuniko kilichopindwa na kijiko hakibane tena. Sufuria kubwa musinunue kila mutu yake. Mufanye kama likelemba: batu tano, sufuria moja, mbabula moja, na kila juma zamu ya mumoja. Munanunua tomati pamoja wakati wa kiangazi, pale bustani zinazaa na bei inaanguka. Mvua ikianza, magonjwa inamaliza mashamba, na njo pale bokali yenu inapata mununuzi.

Siku ya posho, saa tatu ya asubuhi. Mulete na zile munazoonea haya kuonyesha.