CHAI NZURI NA SAA YAKE

Leo tutaonja chai. Musicheke, hii pia ni somo la afya.

Munaona vikombe vitatu hapa mezani. Cha kwanza ni chai nyeusi ya milima yetu ya Kivu. Cha pili kinatoka mbali, kisiwa cha Taiwan. Chai hii inaitwa ulongi. Inalimwa kwenye milima kama Alishan na Lishan, juu kupita metre 1000, penye baridi na ukungu. Kwa sababu ya baridi majani yanakua polepole. Uchungu unapungua, harufu inakuwa kama ya maua. Wanayaanika, wanayatikisa, halafu wanayapitisha motoni mbele hayajageuka meusi, na kuyakunja kama punje. Mti wa chai ni ule ule mmoja. Kazi ya mikono ndiyo inaleta tofauti.

Namna ya kuitengeneza: chemsha maji yatokote vizuri. Pasha kikombe kwa maji ya moto, uyamwage. Tia kijiko kidogo cha majani, mimina maji, funika, ngoja dakika moja, chuja. Majani musiyatupe! Yatamiminiwa maji tena mara tatu, mara ine, kila mara munangoja zaidi kidogo. Kwanza nusa, halafu kunywa kidogo, zungusha mudomoni.

Sasa onjeni kikombe cha tatu. Ni chai yetu, majani yalilala ndani toka asubuhi. Ah! Ulimi unakauka kama mutu aliyekula ndizi mbichi, ao siyo? Kitu kile kinachokamata ulimi kinaitwa tanini. Tumboni nako kinakamata. Kinashika chuma kilicho ndani ya maharagi na lengalenga, chuma kinatoka na choo, hakifiki kwenye damu. Hata ulongi, ingawa ni laini mudomoni, iko na tanini.

Mama mumoja alikuja kwetu na mimba ya miezi saba. Viganja vyeupe, pumzi fupi. Nikamuuliza: «Mama, vidonge vya damu unameza?» Akajibu: «Ndiyo, kila siku, na chai yangu.» Maskini, alifikiri anatii. Hakuna mutu aliyemwambia. Tulimwambia ameze na maji safi, na chai ingoje. Siku ya kuzaa, damu kidogo ni hatari kubwa kwa mama.

Basi, tukumbuke:

1. Chai si pamoja na chakula. Kula kwanza, ngoja saa moja, ndipo unywe.

2. Vidonge vya damu ni na maji safi, hapana na chai.

3. Mwenye mimba asizidishe: vikombe viwili kwa siku vinatosha.

4. Mutoto wa chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu. Hata akianza kula, asipewe chai. Inamunyima damu na usingizi.

5. Kwenye maharagi tia ndimu, ao kula papayi ao pera. Vinasaidia chuma kuingia.

Sikatazi chai, mimi mwenyewe ninaipenda. Lakini kila kitu na saa yake. Mukifika nyumbani, muelezeni jirani ambaye hakuja kliniki leo. Sasa, nani iko na ulizo?