Udikteta na Utawala wa Maakida Pwani ya Tanga

Udikteta, au utawala wa kiimla, ni mfumo wa serikali ambamo mamlaka ya kutunga sheria, kuzitekeleza na kuhukumu hukusanyika mikononi mwa mtu mmoja au kikundi kidogo, huku wanaotawaliwa wakikosa njia halali ya kuwahoji watawala wala kuwaondoa. Ukatili huandamana nao mara nyingi, lakini si kipimo chake, kwani hata mtawala mpole ni dikteta iwapo hakuna awezaye kumzuia.

Msikilizaji wa Tanga, Pangani au Muheza hana haja ya kutafuta mfano mbali. Mwaka 1888 Sultani wa Zanzibar, Seyyid Khalifa bin Said, aliikodisha kampuni ya Kijerumani utawala wa ukanda huu pasipo wenyeji kuulizwa; Agosti mwaka huo wakala wa kampuni, Emil von Zelewski, alipotwaa madaraka Pangani kwa ubabe, watu waliinuka wakiongozwa na Abushiri bin Salim al-Harthi, ambaye alinyongwa mjini humo Desemba 1889. Mwaka 1891 serikali ya Ujerumani yenyewe ilishika hatamu, ikamweka gavana aliyeteuliwa na Kaizari.

Chini ya gavana walikuwapo maafisa wa wilaya, na chini yao maakida, yaani watumishi wa serikali, wengi wao watu wa pwani wanaojua kusoma na kuandika, waliowasimamia majumbe wa vijiji. Kodi ya nyumba ilipotangazwa mwaka 1897, akida ndiye aliyesimamia ukusanyaji wake, na ndiye pia aliyeamua mashauri madogo, hivyo mlalamikaji wa kodi alijikuta mbele ya mkusanyaji wake. Akikata rufaa, alimkuta afisa wa wilaya, mtawala na hakimu kwa pamoja, mwenye uwezo wa kumchapa viboko ishirini na vitano, adhabu iliyokumbukwa pwani kwa jina la hamsa wa ishirini.

Wako wanaopinga kuuita utawala huo udikteta, kwa hoja kwamba gavana aliwajibika kwa Berlin, ambako Bunge lilijadili bajeti ya makoloni na kuikosoa serikali. Hoja hiyo ina uzito kwa Mjerumani tu, kwani mkulima wa Kibondei hakuwa na kura katika Bunge hilo. Hata baraza la kumshauri gavana, lililoanza mwaka 1904, liliwapa nafasi walowezi wenye mashamba, wakati Waafrika waliolipa kodi na kufanya kazi katika mashamba hayo hawakuwemo.