UKAGUZI WA ANWANI ZA BARUA PEPE KATIKA FOMU ZA TOVUTI

(Mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wanaotayarisha fomu za Serikali)



Nimetakiwa nizungumze juu ya namna fomu ya tovuti inavyoikagua anwani ya barua pepe kabla ya kuipokea. Naomba nianze na kisa. Binti mmoja wa mtaani kwangu, aliyekwisha hitimu chuo, alijaza fomu ya kuomba kazi, na katika kuandika anwani yake akapindua herufi mbili. Fomu ikamshukuru. Wito wa usaili ukapelekwa pasipo na mtu, naye akakaa miezi miwili akingojea jibu. Alama ya @ ilikuwepo, na nukta mahala pake. Kwa umbo, anwani ile haikuwa na ila yoyote.

Ndugu Watumishi, fomu huona umbo tu. Haiwezi kujua kama mwenyewe yupo. Hilo hujulikana kwa njia moja: kuipelekea anwani ujumbe wenye kiungo cha kuthibitisha, na papo hapo kumwonyesha mwombaji anwani aliyoiandika, aambiwe kuwa asipoupata ujumbe arejee kuisahihisha.

Kwa upande mwingine, ziko fomu zilizo kali pasipo na haja. Kanuni ya kimataifa ya RFC 5321 ya mwaka 2008 inaruhusu hadi herufi 64 kabla ya alama ya @, na alama ya kujumlisha ni halali, kadhalika ritifaa. Hata hivyo, mwenye jina lenye ng' akiliandika kwa ukamilifu hukataliwa kama aliyekosea. Fomu nyengine hudhani kuwa anwani lazima iishie kwa herufi mbili au tatu, kama tz au com, ilhali mwishio wa info ulianza kutumika mwaka 2001 na wa africa mwaka 2017. Ama nafasi tupu inayoongezwa na simu mwishoni mwa anwani, fomu na iifute yenyewe bila ya kumkaripia mtu. Vile vile ukaguzi wa kivinjari usitegemewe peke yake, kwani hurukwa kwa urahisi. Seva ikague tena.

Linalonisumbua zaidi ni kulazimisha. Mzee wa Makunduchi au Micheweni asiye na barua pepe, akikuta kisanduku hakimruhusu kupita, ama atabuni anwani, ama kijana anayemjazia fomu atatia yake mwenyewe. Jibu la kiwanja cha mzee, au la matibabu yake, litasomwa na kijana yule kwanza, na huenda likabakia huko huko. Kwa hivyo, pale ambapo nambari ya simu au ofisi ya sheha yatosha kumfikia mwananchi, kisanduku cha barua pepe kiachwe kuwa cha hiari.