MAZUNGUMZO YA KATIBU: UGONJWA WA MOYO USIZIDISHWE



Leo nazungumza juu ya mishipa inayolisha moyo wenyewe. Moyo nao unakula damu, kama mkono au mguu. Mafuta yakiganda ndani ya mishipa hiyo, njia inakuwa nyembamba, sawasawa na mfereji wa mashamba ya chumvi uliojaa tope: maji yanapita, ila kidogo. Ukipanda kilima na gunia la korosho, moyo unadai damu zaidi, haipati, kifua kinabana. Ukipumzika kinaachia. Wengi tunasema ni gesi, basi, yamekwisha.

Sasa, aliyekwisha kuambiwa anao, nini kinamzidishia? Kwanza tumbaku. Sigara inaharibu ngozi ya ndani ya mshipa na kufanya damu igande upesi. Anayeacha, baada ya mwaka mmoja hatari ile ya ziada inapungua karibu nusu. Na hapa nasema wazi: duka letu kukopesha sigara mpaka msimu wa korosho, mimi sikubali, nitalileta kwenye mkutano mkuu.

Halafu presha na kisukari. Haziumi, ndiyo ubaya wake. Mvuvi mmoja wa hapa hapa (jina hatutaji) alipewa vidonge vya presha, akajisikia mzima, akaacha, pesa akanunulia nyavu. Alipopimwa tena ilikuwa 190 kwa 110. Ndugu zangu, vidonge vile si kama vya malaria, useme nimemaliza dozi. Ni vya kila siku.

Chumvi tunaivuna wenyewe, kwa hiyo tunaimwaga tu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya samaki. Akina mama, ng'onda alowekwe, maji yale yamwagwe, chumvi nyingine isiongezwe. Tui zito lisiwe la kila siku. Na sisi wa bao, tuinuke tutembee.

Kifua kikibana hata umekaa, kisiachie, maumivu yaende mkono wa kushoto au taya, jasho la baridi likutoke, usingoje kupambazuke. Mwenye kisukari pengine hasikii maumivu, anaishiwa pumzi tu. Apelekwe Ligula mara moja. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili, inazibua mishipa, lakini ni Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 500.

Kupima presha ni Jumatano asubuhi, zahanati. Wenye vidonge waje navyo, hata pakiti tupu.

Katibu wa Tawi