Mnara wa Saa wa Rouen: Kengele, Kodi na Amani ya Mji

Katika mji wa Rouen, kaskazini ya Ufaransa, pana saa kubwa iliyojengwa juu ya tao la mawe linalovuka mtaa, na kando yake umesimama mnara wa kengele. Rouen ni bandari ya kale ya Mto Seine, na biashara ya sufu na vitambaa ndiyo iliyowatajirisha wakubwa wake. Wageni huitazama saa hiyo kwa uzuri wake. Lakini kwa mtu aliyekabidhiwa silaha na sheria ili alinde raia, historia ya mnara huo ina fundisho zito zaidi.

Mnara wa kwanza ulikuwa na kengele mbili za karne ya 13. Moja, Rouvel, iliwaita wenyeji penye hatari. Ya pili iliitwa Cache-Ribaud, yaani mfukuza wahuni. Kwa mamia ya miaka ilipolia saa tatu za usiku, kila mtu alijua kuwa wakati wa kurudi nyumbani umefika.

Mwaka 1380 Mfalme Charles wa Tano, akiwa katika kufa, aliifuta kodi iliyowaelemea watu. Mwanawe, Charles wa Sita, alikuwa hajatimiza miaka 12, na nchi ikaendeshwa na ami zake. Hao wakarudisha kodi. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini waliotawala hawakutaka kutazama juu. Tarehe 24 Februari 1382 mafundi wa shaba na wa nguo waliishika kengele ya Rouvel, wakaipiga, wakafunga malango ya mji na kuvunja nyumba za matajiri na za maofisa. Walimkamata mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, wakamkalisha kitini kama mfalme, wakamlazimisha kutangaza kuwa kodi zimekwisha. Ghasia hiyo ilidumu siku tatu.

Kisha mfalme akaja na majeshi yake. Viongozi wa ghasia waliuawa, haki ya mji kujitawala ikafutwa, kengele zikanyang'anywa na mnara ukabomolewa. Hivyo hata wale ambao hawakuvunja mlango mmoja waliadhibiwa pamoja na wavunjaji.

Ni dhahiri kwamba kengele haikuwa na kosa. Kosa la kwanza lilikuwa la wale waliovunja ahadi na kuyapuuza malalamiko. La pili lilikuwa la wale waliogeuza malalamiko kuwa uporaji. Kumwadhibu mtu kwa kosa lake ni kazi ya sheria. Kuuadhibu mji mzima ni kazi ya hasira.

Wenyeji hawakukata tamaa. Mwaka 1389 mnara mpya ulianza kujengwa, na mwaka huo huo fundi Jehan de Felains akaukamilisha mtambo wa saa, naye akapewa kazi ya kuutunza. Kengele za zamani zilirudi. Mtambo huo wa chuma uliendesha saa ya mji hadi mwaka 1928, ulipopokewa na umeme. Kati ya 1527 na 1529 lilijengwa tao, na uso wa saa ukaletwa hapo ili mpita njia auone. Una mshale mmoja tu, unaoonyesha saa bila dakika. Katikati pana jua lenye miali 24, na juu yake tufe linaloonyesha hali ya mwezi.

Mwaka 1940 moto wa vita uliteketeza mitaa iliyo kati ya kanisa kuu na mto, na mwaka 1944 mabomu yaliupiga mji vibaya. Mnara ulinusurika, na matengenezo makubwa yaliyoanza 1997 yalimalizika 2006.

Kengele ile ile iliyoita watu kwenye ghasia ndiyo iliyorudi kukaa pamoja na saa katika mnara mmoja. Chombo hakikubadilika, kilichobadilika ni mikono iliyokishika na kazi kilichopewa. Ndivyo ilivyo kwa bunduki, filimbi na rungu la askari. Mlinzi anayeitumia amri kwa haki hutiiwa hata gizani. Anayeitumia kwa hasira huubomoa mnara aliopewa kuulinda.